Rasimu ya Nne

Hapa Langoni wananiuliza kama nimeviona vile viti.
Nimeviona. Ni saba, vya mvule. Cha kati kina mgongo mrefu
na mguu mmoja uliotiwa kipande cha kadibodi
usiyumbe mbele ya taifa.

Wanauliza: wakishainuka wote, huelekea wapi?
Nyuma, nasema. Kuna chumba.
Hapo nanyamaza, naomba maji.

Niliapa. Mkono juu ya msahafu, msajili akinitazama,
kwamba niyachapayo hayatanitoka kinywani.
Ila habari za kikapu nadhani naweza kusema:
cha ukili, alichonisukia mama,
kimekaa mlangoni mwa chumba kile.
Majaji hutia humo simu zao kabla ya kuketi,
na zikitetema zote pamoja
ni kama kuku waliofungwa miguu sokoni.
Naweza kusema Jaji Onditi akitaka kupinga huvua miwani kwanza,
kwamba mdogo wao husema mbele ya wote
asije akajificha nyuma ya mkubwa,
na mkubwa husema mwisho,
naye siku ile zilipomfikia zilikuwa tatu kwa tatu
na birika limechemka mara ya pili.

Hapana. Hilo la tatu kwa tatu sikulisema. Lifuteni.

Rasimu ya tatu, ukurasa wa tisini na moja,
palikuwa na maneno mawili: ardhi yao.
Niliyachapa mwenyewe, yakapita vidoleni bila kugusa kitu.
Usiku akaja Jaji Wambeyi, mwandishi wa hukumu,
viatu mkononi, soksi ina tundu penye kidole gumba.
Akalaza karatasi mezani. Kalamu nyekundu.
Akakata yao. Juu yake akaandika husika.
"Bila hili simpati wa nne."
Hakuniambia mimi, aliliambia tundu la soksi.
Nikachapa. Herufi tatu zikatoka, sita zikaingia,
kompyuta haikuguna.

Mjomba Bwanakai ni mwashi.
Chokaa imemkaa katika mistari ya viganja
hata akiomba dua unaiona.
Akatoa bahasha ya kaki kidakani: risiti za kodi,
ramani ya penseli, kidole gumba cha babu kwa wino wa zambarau.
Ekari sita, ng'ambo, bara. Mikorosho.
"Wewe u huko. Wamenenaje?"
Nikamjibu kama nilivyofunzwa:
imetangazwa, iko wazi kwa kila mtu, nitakusomea.

Kurasa mia mbili na kumi na mbili.
Tulianza baada ya alasiri. Punda wanapita kichochoroni
na mawe ya ujenzi, kwato juu ya saruji,
nami kila mara nasimama, maana mjomba hataki neno limpite.
Akaivumilia ilhali. Akakivumilia kifungu kidogo cha (b).
Akalisikia jina lake, mlalamikaji wa mia tatu na nne,
akaketi wima kama aliyeitwa shuleni.

Jina hilo nililichapa katika rasimu zote nne.
Sikumwambia msajili kuwa ni ndugu wa mama yangu.
Hilo nalo lifuteni.

Sikumwambia pia kwamba huko mwisho kuna kurasa kumi na tisa
za Jaji Onditi, asiye na miwani,
ambamo yao imo mara arubaini na moja.
Nimeihesabu. Haina nguvu ya sheria
lakini imepigwa chapa kwa wino uleule.

Ukurasa wa tisini na moja akainua kidole.
"Rudia."
Nikarudia: ardhi husika.
"Husika na nani, hiyo nti?"

Akapita punda. Akapita wa pili.
Ulikuwa msururu mrefu siku hiyo, mtu anajenga ghorofa,
nami nikangoja wote wapite, hata yule kilema wa nyuma.
Mjomba bado kainua kidole,
chokaa imekauka ukuchani.
Nikakilamba changu,
nikafungua ukurasa wa tisini na mbili.